Mkalimani wa Korti Namba Mbili

Niliapa mwaka wa kwanza wa kazi, mkono juu:
nitafasiri kwa ukweli, sitaongeza, sitapunguza.
Hakuna aliyeniuliza nitafanyaje
na neno lisilo na mlango.

Malindi, Mahakama Kuu. Feni moja inazunguka,
ya pili inamngoja fundi tangu Ramadhani.
Kizimbani Konstebo Nzioki, suti ya kuazima,
mikono nyuma kwa mazoea, kama anayekaguliwa gwaride.
Benchi la mbele, Mbeyu wa Ngumbao,
nauli ya kurudi Msabaha ameifunga kwenye pindo la leso.

Sheria hutembea na viatu vyake.
Kwanza ilimpeleka konstebo kwa daktari wa akili,
ijulikane kama anaweza kuelewa anachoshtakiwa.
Wiki mbili. Mama akaniuliza,
"Na mimi, ananipima nani?"
Hilo sikulifasiri. Hakuiambia korti, aliniambia mimi.

Kisha shtaka likasomwa: kwamba usiku wa tarehe nne,
akiwa zamu, huko Maweni,
kwa nia mbaya iliyotangulia,
alimuua Tsofa Ngumbao.
Akajibu: Si kweli.
Karani akaandika: Si kweli.
Nami nikayatia Kigiriama maneno hayo mawili,
mepesi kama ganda la risasi
lililolala kwenye bahasha ya kaki, kielelezo namba saba.

Lakini mama alikuwa bado nyuma, amekwama.
"Hiyo nia ilitangulia. Ilitangulia kufika wapi?
Ilimkuta mwanangu akifanya nini?"
Jaji akainua miwani: mama anasema nini?
"Mheshimiwa, anaomba ufafanuzi."
Mungu ananijua. Hapo nilipunguza.

Tsofa alikuwa anatoka kutengeneza friji ya watu.
Hilo halimo kwenye faili.
Faili ina kitabu cha matukio kilichochanwa ukurasa,
bunduki iliyotoka na risasi ishirini
ikarudi na kumi na nane,
ripoti ya daktari: tundu la kuingilia, mgongoni.
Ina dhamana ya laki tano na masharti yake:
asiwakaribie mashahidi, asizungumze nao
kwa mdomo, kwa simu, wala kwa kumtuma mtu.

Kesi ilipoahirishwa mara ya tisa,
konstebo alinifuata hadi kwenye bomba la maji.
Kola imelowa.
"Wewe unaijua lugha yake," akasema.
"Mwambie..." Akameza mate.
"Mwambie kila nikilala nauona ule mgongo."

Nikatazama ukuta.
Kumtuma mtu: mtu mwenyewe ni mimi.
Nikiupeleka ujumbe, dhamana imevunjika.
Nikiupeleka kwa jaji, si ujumbe tena, ni ushahidi.
Sheria ina fomu ya kuchukulia maiti,
ina fomu ya kurudishiwa viatu vya maiti,
nilizijaza zote mbili na mama huyu.
Ya jambo hili haina.

Mbeyu alikuwa ametuona.
Alikuja polepole, akasimama karibu hata nikasikia
harufu ya moshi wa kuni kwenye leso yake.
"Amesema nini?"

Lugha tatu zikanijaa mdomoni.
Nikachagua ile yenye tarehe.
"Kesi itatajwa tena, mama. Ishirini na tatu,
saa tatu asubuhi. Usichelewe."

Nikamwambia hivyo yeye,
ambaye hajawahi kuchelewa.
Akafungua pindo, akaanza kuhesabu.