Magome ya Kwinini

Kiwandani wamekwisha kuukamua uchungu,
wameutia chupani, umekwenda kutibu homa za mbali.
Kilichobaki wanakimwaga nyuma ya ukuta:
magome mekundu, malegevu kama majani ya chai ya jana,
chungu nzima ya kitu kisicho chungu tena.

Nsimire huja na kiroba kila Alhamisi.
Mlinzi hamwulizi. Taka hazina mwenyewe.

Kwetu Kadutu chemchemi imeharibika
tangu gereji ya juu ianze kumwaga mafuta mtaroni.
Maji yanatoka maangavu, ukitazama utayasifu,
lakini ukichemsha, chai inanuka petroli.
Dada yangu husema: afadhali tope lina adabu,
linajionyesha.

Hilo ndilo lililomkosesha Nsimire usingizi,
kisichoonekana, kisichokufa kwa moto wa jiko,
kinachoshuka tumboni bila kubisha hodi.

Anayaanika magome juu ya bati
(mvua ya Bukavu: anaanua, anaanika, anaanua),
kisha pipa, kifuniko, udongo kwenye nyufa,
moto usiopewa hewa, usiku kucha.
Asubuhi ni makaa mepesi, meusi ti,
yenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuvihesabu.
Anayapitishia mvuke, anayachekecha,
anayaosha mpaka maji ya kuoshea
yasitie doa kitambaa cheupe cha mamake.

"Apana," akasema mama Cibalonza, "ile maji itakuwa kali.
Kwinini tulikunywa sana tukiwa watoto,
masikio yakavuma siku tatu."
Nsimire akakinga gilasi chini ya ndoo, akanywa.
Sote tulikodolea midomo yake,
tukingoja akunje uso.
Hakukunja.
"Haina kitu," akasema.
Sijasikia maji yakisifiwa zaidi ya hapo.

Sasa bidoni zimepanga foleni hadi kwenye ngazi.
Anaandika tarehe ukutani kwa kipande cha kaa,
kwani makaa nayo hushiba:
siku ya arobaini harufu inarudi, kidogo,
kama mdai anayechungulia dirishani.
Anayatoa, yamejaa, hayana pa kupokelea tena.

"Na haya tutayatupa wapi?" nikamwuliza.
Hajanijibu hadi leo.
Ameyafunga kwenye mfuko, fundo mbili,
ameuweka nyuma ya mlango wake,
mbali na mtaro.
Kila anapofungua mlango, mfuko unamgusa kisigino.