Miezi Kumi na Tisa

Aliyeanza kujua ni Millaray.
Jumapili alishika ziwa, akaliachia,
akanikazia macho kama mteja aliyeuziwa chai bila sukari.
Nikasema ni meno, nikampa mwiko atafune.
Jumatatu akaning'ata. Nikalaumu kitunguu saumu,
nikalaumu mvua: hapa Quellón
mvua hubebeshwa lawama za kila mtu.

Jumanne, chooni, kiwanda cha kome,
aproni ya mpira mlangoni ikidondosha maji ya chumvi,
nikaona doa.
Rangi ya kutu. Si kubwa kuliko kifungo cha shati.
Kengele ya zamu ikalia
na mimi nimekaa tu.

Nolfa alinipa pedi mbili. "Karibu tena,"
akasema, kama mtu wa dukani.
Nikarudi kwenye mkanda, kome wakipita vinywa wazi,
na ilipofika saa nne maziwa nayo yakaja, hayakosi:
juu yanachuruzika, chini inachuruzika,
navuja kote kama paa letu.

Tunajuana zamani, mimi na damu hii.
Miaka sita ilinijia kama mdai,
haipigi hodi, haikubali soda,
inasoma hukumu ileile na kuketi siku tano:
bado, Zunilda. Bado.
Nyuma ya mlango, kalenda ya duka la gesi,
na juu yake misalaba yangu ya wino mwekundu.
Arnoldo akiona msalaba mpya
alivaa buti akatoka kupasua kuni,
hata wiki ambazo kuni zilishapasuliwa.
Majirani walituita matajiri wa kuni.

Kisha mwezi mmoja haikuja.
Kimya kile nilitembea nacho
kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.
Akazaliwa. Nikanyonyesha alfajiri, nikanyonyesha usiku wa manane,
kimya kikaendelea, na wino ukakauka
ndani ya kalamu. Sikujua hata mwezi uko upande gani wa mawingu.
Nilizoea kutohesabu.
Nani asingezoea?

Mama mkwe Eduvina hunusa jambo kabla hujalisema.
"Umeingia mwezini," akasema, akigeuza viazi.
"Mwachishe. Maziwa yamechacha."
Nilimenya viazi vingine vitano bila kumjibu
maana nilishaanza kuamini.

Mkunga Yasna alicheka mpaka akavua miwani.
"Hayajachacha. Chumvi imezidi kidogo, basi,
na siku hizi mbili tatu yatapungua. Usimnyime ziwa,
atazoea, hata wewe ulizoea dagaa wa mkebe."
Halafu akaivaa miwani.
"Ila jua, mlango uko wazi.
Ukitaka mwingine, au usipotaka,
sasa itabidi mwamue."

Mlango uko wazi!
Ananiambia mimi,
niliyeupiga ngumi miaka sita nikidhani ni ukuta.

Njiani nililia. Sijui nililia lipi.
Labda lile bakuli.
Labda kwamba siku moja, si leo, ziwa litabaki langu peke yangu,
na kidole chake kidogo hakitakuja tena
kuchokonoa kifungo cha blauzi kikitafuta mlo.

Jioni niliitikisa kalamu, nikaitemea mate nchani,
nikaweka msalaba. Uliandika kwa shida, mwekundu uliofifia.
Arnoldo akaingia na mvua yake mabegani,
akaiona kalenda.
Hakusema kitu. Akainama kufunga tena kamba za buti.

Millaray alikuwa amelishika, amekunja uso,
amelionja, ameliachia,
amelirudia.
"Vua," nikamwambia baba yake. "Keti hapa.
Kuni zinatosha."