Penseli ya Ludella

Mali bila daftari hupotea bila habari;
lakini daftari lipo, hapa Birmingham,
ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha shangazi,
na hadi leo lanukia samaki wa kukaanga.

Agosti, mwaka thelathini na tatu.
Mrushaji: Thaddeus Mabry, mashoto.
Kumi na tisa walizungusha magongo, wakachapa hewa,
wakarudi benchini wakitazama viatu.
Shangazi Ludella alimwandika kila mmoja,
akilamba ncha ya penseli hadi ulimi ukapiga weusi.

Magazeti ya mjini hayakutuma mtu.
Uwanja wa besiboli tulikodishiwa Jumatatu tu,
wenyewe weupe wakiwa safarini.

Juzi wamekuja vijana wawili wa takwimu,
wapole, glavu nyeupe mikononi.
Wakahesabu. Wakarudia.
“Awamu ya saba haisomeki, mama.”

Awamu ya saba ilinyesha.
Shangazi alilifunika daftari kwa gauni lake jipya,
la dukani, la mkopo,
nalo likachuja rangi.

Basi kwenye rekodi yao wamo kumi na sita,
na doa la buluu.

Mimi doa nalihesabu:
watatu.