Kabla Sijaifunga Bahasha

Keti hapo, Apondi, mashine ingali inapata moto.
Nakala kumi na mbili kwa tano tano ni sitini,
lakini leo sitaki sitini zako.
Leo nataka masikio.

Mimi sijavuka hata mpaka wa Busia, unalijua hilo.
Ila katika kibanda hiki cha Kibuye, miaka kumi na minne,
nimewachapia vijana ishirini na saba karatasi za Ujerumani.
Ishirini na sita waliniandikia walipofika,
mimi kwanza, mama zao baadaye,
maana mama haambiwi umelala njaa
ilhali pesa zako ziko benki.

Nianzie hapo basi.
Ile milioni na ushei, shamba la Awasi lililouzwa,
hutaipata kwa mkupuo.
Imefungiwa. Itadondoka mwezi kwa mwezi
kama bomba la Nyalenda,
na tone la kwanza huchelewa.
Beba za kukuvusha wiki nne, na usimwambie mtu kwenye ndege.

Ukitua, usikimbilie darasa.
Kimbilia ofisi ya mji ukaseme: nimehamia, nyumba hii, mlango huu.
Wanakupa siku kumi na nne tu.
Mwenye nyumba naye akupe barua yenye sahihi.
Huku jirani akiona umeanika nguo, ameshajua umehamia.
Kule hujahamia mpaka karatasi iseme.

Bima ya afya, usiiweke kiporo. Chuo hakikuandikishi bila hiyo.

Koti usinunue hapa.
Haya ya mitumba yalitoka huko huko yakiwa yamechoka;
usiyakatie tiketi ya kurudi kwao.

Wakikuambia mkutane nusu ya nne,
ni ile nusu ya kuiendea nne, si ya kutoka nne.
Binti wa Ahero alikosa kazi ya maktaba hivyo,
alifika saa nzima baadaye, amependeza, anatabasamu.

Na alama zao zimesimama kichwa chini.
Wafubwa wa Webuye alipata moja nukta tatu,
akalia usiku kucha, akaanza kukunja nguo.
Asubuhi profesa akampa mkono.
Moja ndiyo kilele, Apondi. Tano ndiyo ya kulilia.

Unga nunua Jumamosi. Jumapili maduka yamelala,
na wewe usitwange hata kitunguu saumu,
jirani wa chini atapanda ngazi na uso wa hati ya mahakama.
Chupa tupu usitupe, zina pesa.
Omena nimekukaangia, nimezikausha, ziko kwenye kopo la majani chai.
Ukizipasha, fungua dirisha. Fungua hata kama kuna theluji.

Nini tena?

Ndiyo. Kisanduku cha barua.
Tarishi wa kule haulizi watoto njiani kwa Apondi ni wapi.
Jina halipo kisandukuni, barua inarudi ilikotoka, basi.
Kwa hiyo kabla hujafungua begi, kabla hujaoga,
bandika jina lako kama lilivyo kwenye pasi,
herufi kwa herufi, wino usiofutika.

Ile bahasha iliyobanwa nyuma ya mashine,
unayodhani ni tangazo la mnada,
ni yangu kwa Ogutu.
Ilitembea miezi mitatu, ikarudi na muhuri mwekundu.
Nilimchapia kila karatasi yule mtoto,
nikamsahihishia hata jina la baba yake,
hilo la kisanduku sikulijua.
Sikuwa na wa kuniambia. Wewe unaye.

Haya, lete.
Hii ya cheti cha kuzaliwa imekaa upande,
muhuri umekatika nusu.
Ngoja niirudie.