Kifaa Bado Hakijafika

Friji la Bi Kemilembe wa Upanga lilipona Jumatatu.
Gesi nimejaza, waya uliotafunwa na panya nimeunga,
nikainama kufuta vumbi kwa nyuma
na hapo, ubavuni mwa kompresa,
mayai mawili yamegandana kama vidonge vilivyolowa,
meupe, ukubwa wa mbaazi.

Nilijaribu moja kwa ukucha. Halikubanduka.
Nikamulika. Ndani palikuwa na rangi ya waridi
na uzi mmoja mwekundu,
mwembamba kuliko waya wowote niliowahi kushika.
Nikaondoa ukucha.

"Fundi, friji langu?"
"Mama, kuna kifaa nasubiri."
Sikudanganya. Sikusema tu ni kifaa gani.

Miaka kumi na tisa hapa Magomeni
kazi yangu ni kufukuza joto:
nalitoa sandukuni, nalimwaga nyuma, ukutani,
kama maji yaliyooshea vyombo.
Sikuwahi kuuliza kama yupo anayelikinga.

Sasa friji linanguruma usiku na mchana, tupu,
halina hata chupa ya maji,
na mimi nanunua umeme wa elfu mbili, wa elfu mbili,
nagandisha hewa.
Kondo, mwanagenzi wangu, hana mbavu kwa kucheka:
"Mjusi kafiri, bosi! Kwetu ni kandambili na thawabu."
Namwambia ashike bisibisi.
Jioni namkuta kachuchumaa na tochi ya simu,
anachora siku kwa chaki
kwenye mlango wa friji la watu.

Wiki ya nne umeme ulikatika saa tano usiku,
ukalala huko huko ulikokwenda.
Kompresa ikapoa kiganjani mwangu.
Nikavua shati, nikaifunika.
Mtu mzima na ndevu zangu, kifua wazi,
namwogopea mjusi baridi,
Dar es Salaam, Februari.

"Samaki wangu wanaozea kwa jirani, fundi!"
"Kifaa bado hakijafika."
"Kwani kinatoka China?"
"Mbali zaidi, mama."

Chaki ya arobaini na nane, akaja mwenyewe na bajaji.
Hakupiga hodi. Hasira imempanda mpaka kwenye kope.
Maneno niliyoyapanga yote yakanitoroka,
nikaligeuza friji, taratibu, nikamwonyesha.

Aliinama. Miwani ikamteleza puani.
Yai la kushoto lilikuwa limefunguka,
ganda limemeguka kingoni,
mwenyewe hayumo.
La kulia, zima.

Juu ya kalenda ya mwaka juzi
kitu cha urefu wa njiti ya kiberiti,
kisicho na kope,
kilikuwa kinatutazama wote watatu.
Kondo alikiona. Akanyamaza.

"Na hili?" akauliza Bi Kemilembe.
"Hilo sijui, mama."

Akatazama saa yake.
Akatazama yai.
Akamgeukia wa bajaji:
"Baba, wewe nenda tu."