Ng'ambo

Manispaa ilinipa begi, tableti
na orodha ya maduka kumi na tisa ya kuingizwa mtandaoni.
La saba lilikuwa la Bi Danguolė:
vifungo na zipu, Kaunas, mtaa unaoteremka mtoni,
kengele ya mlango yenye mlio wa kijiko na glasi.

"Sihitaji," alisema, sijafungua hata begi.
"Chema chajiuza."

Sikumjibu. Nilitazama droo,
mia mbili na arobaini, sakafuni hadi darini,
kila moja ina kifungo kimeshonwa usoni.
Pembe. Kauri. Shaba ya makoti
ya jeshi ambalo halipo tena.
Chema kilikuwa humo, kimetulia,
kinatumikia kifungo cha miaka thelathini,
na hakuna aliyekuja kukiwekea dhamana.

Februari ile theluji iligeuka tope mapema.
Nilirudi Jumanne. Nikarudi Jumanne nyingine.
Mara ya tatu akanimiminia chai,
akauliza, kama anayeulizia bei ya jeneza:
"Hiyo picha inapigwaje?"

Kitambaa cheupe, taa ya kusomea.
Akataka sarafu pembeni ya kila kifungo
watu waone ukubwa.
Mwongozo wangu ulikuwa na kurasa arobaini
na haukujua lolote kuhusu sarafu.
Maelezo aliandika kwa kalamu, mimi nikachapa:

*Kijani. Si cha majani, cha chupa.
Kina ufa, utauona ukitaka kuuona.
Viko vinne. Usiniombe cha tano.*

Mwongozo ulishauri maneno ya kuvutia.
Nikaacha yake.

Wiki ya kwanza, kimya.
Wiki ya pili mtu wa Zaragoza
alitia vifungo sita kikapuni, akaondoka.
Nikamweleza: hutokea, saba kati ya kumi huondoka,
kuna hata jina lake, kikapu kilichotelekezwa.
"Kutelekezwa," alisema. "Labda mtoto alilia.
Labda maziwa yalichemka yakamwagika."
Akavitoa vile sita drooni, akaviweka kwenye kisahani
karibu na dirisha, siku nne,
asije akarudi akakuta vimekwenda.

Mimi nilikuwa na lengo la robo mwaka.
Nilianza kukichukia kile kisahani.

Halafu, Alhamisi, tableti ikalia.
Kifungo kimoja, cheusi, matundu manne, senti themanini.
Posta ingekula euro tatu.
Nikamsomea jina: Vygantas.
Nikamsomea anwani.
Akanyamaza. Akaenda dirishani,
akainua macho hadi ghorofa ya nne ya jengo la pili,
upande wa pili wa barabara.

"Alikuwa akija kila msimu wa baridi," alisema.
"Miaka mitano sijamwona. Nilijua amekufa.
Hata mshumaa nilimwashia."

Lile jengo halina lifti. Ngazi themanini na nane;
alizihesabu yeye mwenyewe akipanda.
Alitoka bila kofia, kifungo ndani ya bahasha,
bahasha ndani ya glavu,
na duka akaniachia mimi,
nisiyejua kutofautisha pembe na plastiki.

Mfumo ulinidai njia ya usafirishaji.
Nikachapa: miguu.
Ukakataa. Nikachagua "nyinginezo".

Saa moja na nusu. Aliingia mteja mmoja tu,
akataka zipu ya buti, nikampa ndefu mno, akairudisha.

Kwenye fomu ya manispaa kuna swali la kumi na moja:
je, mfanyabiashara ameuza ng'ambo?
Nikatia alama ya ndiyo.
Chini yake, penye nafasi ya nchi,
nikaandika: ng'ambo ya barabara.

Alirudi anahema, mashavu mekundu, ananuka supu ya watu.
Hakuvua koti.
"Magoti," alisema. "Kumbe ni magoti tu."
Akavuta droo ya mia na sita.
"Koti lake lina viwili vingine vinalegea.
Andika oda."
"Aagize mwenyewe," nilisema, "ndiyo utaratibu."
"Basi mpigie umwambie aagize," alisema,
"mimi natafuta uzi."