Saa Inayokunywa Zambarau

Chiatura, Georgia. Siku ya kumi na moja bila umeme.
Kile kisanduku cha chuma kinachobeba wachimbaji
kimening'inia kwenye kamba juu ya korongo,
hakipandi, hakishuki.
Kimo chote cha kuanguka kinacho;
kinachokizuia ni breki tu.

"Na hii ni hivyo hivyo," asema Bi Tsisana,
akiinua chupa nyeusi ya pamanganeti.
"Kwa hesabu za jedwali, zambarau hii
ingekwisha kuyatafuna maji yanayoibeba.
Bado inayaangalia.
Kutaka kuteremka si kuteremka."

Maabara ya mgodi ina baridi, wino umeganda.
Tunapima chuma kilichomo katika mawe ya manganizi
kuanzia saa nne hadi saa nane, kwa nuru ya dirisha,
maana mwisho wa kupima ni rangi nyepesi
kama shavu la mtoto aliyeitwa mbele ya wageni,
na mshumaa ni mwongo mkubwa wa wekundu.

Tone.
Tone.
Zambarau yaanguka ndani ya salfeti ya kijani kilichofifia
na kupotea, kama haikuwahi kuwa rangi.
Chuma kimetoa elektroni moja, na jirani yake moja,
watano wanamlisha mgeni mmoja,
na mgeni hashibi mpaka asidi imletee
ayoni nane za haidrojeni.
Ukimnyima, anaishia njiani,
anageuka tope la kahawia,
tope lile lile lililo chini ya kucha za baba yangu.

Nikamwambia: si husemwa kutoa ni moyo?
Akacheka, kicheko kikatoka na moshi.
"Moyo! Kutoa ni kimo, mwanangu.
Huyu kasimama kwenye sifuri nukta saba saba,
yule kwenye moja nukta tano moja.
Baina yao pana mteremko,
na mteremko ndio unaolipa gharama zote."

Saa ya ukutani ilikufa tangu Krismasi.
Akapasua betri kuukuu, akachomoa vijiti vya kaboni,
akapanga bika nne: kijani, zambarau, kijani, zambarau.
Karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa chumvi ikawa daraja kwa kila jozi.
"Wakikutana ana kwa ana, watamaliza yote kwa joto na kelele zao.
Sasa wapitie mlango wangu."
Robo tatu ya volti, kasoro chembe.
Mara mbili.
Mshale ukatetemeka kama mtu anayeamshwa kwa jina,
ukapiga hatua.

Siku tatu tuliishi kwa saa ile.
Majirani walituma watoto kuuliza wakati.
Zambarau ikawa divai, divai ikawa chai ya pili ya majani yale yale,
na kijani kikaingia umanjano.
Nikauliza, vikilingana?
"Itasimama," akasema, bila huzuni.
"Usawa ni pale ambapo hakuna tena anayemhitaji mwenzake."

Alfajiri ya nne basi la Thesaloniki lilimchukua,
akaoshe wazee wa watu huko na kutuma pesa.
Aliniachia funguo, koti jeupe lenye matundu ya asidi,
na neno moja: usiongeze.

Sikuongeza.
Saa ikasimama saa tisa na dakika ishirini, usiku,
nikaisikia ikinyamaza.
Ndani ya bika ilibaki haya kidogo ya waridi,
kijani kidogo kisichoonekana.
Haikutosha tena kusukuma mshale.

Nikavimimina pamoja kwenye chupa moja,
nikaikumbatia kwa viganja vyote viwili.
Joto lake lilikuwa pungufu ya pumzi,
labda lilikuwa langu mwenyewe,
sina kipimo cha kuapia.
Lakini waridi liliondoka mikononi mwangu nikiliangalia,
na kule nje, juu ya korongo,
kisanduku bado kilining'inia na kimo chake chote.